Siku Nilipomfungia Soksi Mlango

Louisville, Ijumaa, 14 Agosti 2015

Mwanangu Goreti,

Leo ni miezi kumi na moja na siku nne tangu nitoke Buffalo, ukitoa zile siku sita za Krismasi. Nimeketi kwenye ngazi za nyuma za nyumba tunayopanga hapa South End. Jua bado lipo. Wenzangu wawili ninaokaa nao wameshaenda kazini, shifti ya jioni, na mimi sikwenda. Nitakueleza kwa nini, lakini siyo hapa mwanzoni, maana nikianza na hilo utaruka kurasa nyingine zote.

Nikimaliza nitazipiga picha kurasa hizi nimtumie mama yako, naye akupe simu yake usome. Nimejaribu kuongea nawe kwa mdomo mara nne wiki hii. Kila mara unanijibu kwa Kiingereza kwamba uko sawa, nisiwe na wasiwasi, halafu unanipa mama yako. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza. Najua Kiswahili unakisoma polepole, kidole juu ya mstari, kama nilivyokufundisha kwa kitabu cha nyimbo za kanisani. Basi soma polepole. Mimi mwenyewe shule yangu iliishia darasa la sita kambini, kule ukimbizini, kwa hiyo humu hakuna maneno makubwa.

Kesho asubuhi unataka kuwasha ile gari nyekundu uende chuoni Columbus, wewe na Soksi ndani ya kizimba chake, mwendo wa masaa matano. Mambo ya blanketi na sabuni na unga mama yako ameshakuambia, sina la kuongeza. Mimi nataka kukuambia kitu nilichomfanyia Soksi. Sijawahi kumwambia mtu, hata mama yako.

Unakumbuka alivyoingia kwetu. Bi Loretta wa nyumba ya pili alikuwa amefiwa na mumewe, na yule fereti alikuwa wa marehemu. Mikono ya Bi Loretta ilikuwa imeshapinda, haiwezi kusafisha kizimba, akakupa wewe. Mimi nilipomwona nilisema huyu ni kicheche, na kwetu kicheche akiingia uani anafuata kuku. Wamama wa kanisani walimwita panya mrefu. Mwalimu wa kwaya alikuuliza, "Goreti, huyo mtatualika lini kumla?" ukakaa wiki mbili humsalimii. Ukampa jina Soksi kwa sababu siku ya kwanza aliniibia soksi za kazini tatu. Siyo jozi, tatu, akazificha chini ya kochi, nikaenda kiwandani na soksi ya kijani mguu mmoja.

Sikujua kwamba kiumbe chenye uzito wa kiatu kinaweza kubeba magonjwa mengi hivyo. Alitafuna kifutio chako cha shule, kikamziba tumbo, nami nikacheka alivyokuwa anafungua mdomo bila kutapika kitu, mpaka daktari wa wanyama alipompasua. Nilipopata homa ya baridi nikalala naye kifuani, na baada ya siku tatu alikuwa anapiga chafya na macho yanatoa machozi. Ulinigombeza kwamba mafua ya mtu yanamwingia fereti. Nilidhani unanitania. Kambini nilifuga mbuzi na bata, na hakuna hata mmoja niliyewahi kumwambukiza mafua.

Halafu manyoya ya mkia yakaanza kutoka. Mkia ukabaki kama mkia wa panya kweli, upara ukapanda mpaka kiunoni. Ulisema ni tezi iliyo karibu na figo, kwamba fereti wengi wakizeeka inawapata. Mimi nilisema ni uzee tu, hata mimi nywele zangu zinatoka. Ulicheka, nami nikafurahi umecheka, na tukaacha mambo hapo. Daktari alikuja kumpa sindano miezi mingi baadaye.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa Jumamosi, mwezi wa sita mwaka jana, kabla sijaja huku. Wewe ulikuwa umesafiri na kwaya. Mama yako alikuwa kazini kwa wale wazee anaowaogesha. Nilikuwa peke yangu nyumbani, nakunywa chai. Nikamwona Soksi amesimama katikati ya jikoni anakodolea ukuta. Nikamwita, hakugeuka. Akaanza kujikuna mdomo kwa miguu ya mbele, kama mtu aliyemeza mwiba. Mate yakamtoka. Miguu ya nyuma ikalegea, akawa anaiburuta. Halafu akaanguka ubavu, akakakamaa, na miguu yote minne ikaanza kupiga sakafu.

Nilichofanya ni hiki. Nilirudi nyuma. Nilitoka jikoni nikafunga mlango, nikashika kitasa kwa mikono miwili kana kwamba kuna simba ndani. Nilisikia kucha zake zinagonga sakafu, tk tk tk tk. Sijui ilikuwa dakika ngapi. Zilipotulia nilivaa glovu za kazini, zile nene za ngozi, nikachukua koleo la theluji, nikamzoa nalo kama takataka nikamtia ndani ya boksi. Alikuwa bado anapumua. Nilimpeleka nyuma ya nyumba na koleo lenyewe mkononi, na mwanangu, sikuwa nimelichukua kwa ajili ya kuchimba tu.

Bi Loretta alikuwa kwenye baraza yake ya nyuma. Akaniuliza nimebeba nini. Nikamwambia kwa Kiingereza changu kwamba mnyama ameharibika kichwa, ana mate, asisogee. Alishuka ngazi zile na fimbo yake, moja moja, akachungulia ndani ya boksi, kisha akanitazama mimi na glovu zangu.

"Wewe mwanaume mzima," akasema, "unamwogopa huyu? Ni sukari imeshuka. Mume wangu alishaona fereti wawili wakiwa hivi. Shika boksi."

Nilimwambia mate yanaambukiza.

"Nani alikudanganya? Mtoe humo umshike, amepoa."

Aliingia kwake akatoka na sirapu ile ya kumwagia chapati zao za asubuhi na kijiti cha pamba. Akampaka kwenye fizi kidogo kidogo, pembeni, bila kutia kidole kati ya meno. Mimi nilikuwa nimemshika, bila glovu, alinilazimisha kuzivua. Moyo wa Soksi ulikuwa unakwenda mbio juu ya kiganja changu. Kisha ulimi ukatoka, akalamba. Akafungua macho akanitazama kama mtu aliyeamshwa mapema. Bi Loretta akaniambia nimpe nyama kidogo akishaweza kumeza, na apelekwe kwa daktari Jumatatu.

Uliporudi nilikuambia tu kwamba Soksi amelala sana, hakula vizuri, mpeleke. Ulimpeleka, ukarudi unalia na karatasi inayosema ana uvimbe kwenye kongosho unaomwaga dawa ya kushusha sukari hata pasipo na sukari ya kushusha. Ulinishukuru kwa kuwa nilikuwa macho. Ulinikumbatia. Nilisimama pale kama gogo.

Na bado sikuishia hapo. Nilikuwa na hatia, na nilikuwa nimeona kwa macho yangu kwamba tamu ndiyo iliyomponya. Basi kila asubuhi, ukishatoka, nilikuwa namchovyea andazi kwenye chai yangu. Wewe ulikuwa unampa dawa yake asubuhi na jioni, unaandika kwenye daftari, unashangaa mbona bado anakodoa macho, bado anaanguka. Ulidhani unakosea vipimo. Siku ile uliponisomea kwamba sukari ni ya dharura tu, kwamba ukimpa ovyo ule uvimbe unaamka na kuishusha zaidi kuliko mwanzo, niliacha siku hiyo hiyo, na tena sikusema. Akapata nafuu, ukasema dawa sasa imemkubali. Hukuwa unakosea vipimo, Goreti. Ilikuwa mimi.

Sasa nikuambie kwa nini nilifunga mlango.

Unajua nilikuwa na mdogo wangu, Deo, baba yako mdogo, aliyekufa kambini kabla hujazaliwa. Siku zote nimekuambia alikufa maji. Ni kweli alikufa maji. Deo alikuwa na kifafa. Alianza na kukodoa macho. Tulikuwa tunakula, mkono unasimama na tonge kati ya sahani na mdomo, anatazama pasipo na kitu, halafu anaendelea kula kana kwamba hakuna kilichopita. Tulimcheka. Tulimwita Bwana Picha.

Alipokuwa na miaka kumi na minne alianguka karibu na mafiga, maharage yapo motoni. Akakakamaa, mate mdomoni, mkono wake wa kushoto ukaingia kwenye makaa. Kwetu, wewe hujakulia huko, kila mtu anajua kwamba anayemgusa mwenye kifafa akiwa ameanguka, au akaguswa na mate yake, kifafa kinahamia kwake. Watu wote walikuwa wanapiga kelele asiguswe. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa na nguvu za kubeba magunia mawili. Nilikuwa karibu naye kuliko mtu yeyote, kama kutoka kwenye ngazi hii mpaka kwenye pipa lile la taka. Nilirudi nyuma hatua tatu. Nimezihesabu mara nyingi. Mama yetu ndiye aliyetoka mbio kwenye foleni ya maji akamvuta, na mkono ulikuwa umeshakwisha.

Baada ya hapo hakuna aliyekula naye sahani moja. Hakuna aliyetembea naye. Na mimi pia. Alipokwenda mtoni kufua alikwenda peke yake, kwa sababu mimi nilimwambia nina kazi, na kazi sikuwa nayo. Maji yenyewe yalikuwa hayafiki magotini.

Huko kambini tulijifunza na jambo lingine. Ilipofika zamu yetu ya kupimwa kwa ajili ya safari ya kuja huku, kila mtu alijua kwamba anayeugua anatolewa kwenye orodha, au safari yake inasogezwa mpaka asahaulike. Wewe ulikuwa na miaka mitano na ulikuwa unakohoa. Nilikufundisha kubana kikohozi. Nilikuwekea mkono mdomoni tukiwa kwenye benchi, nikakuahidi biskuti. Ulibana mpaka macho yakakutoka machozi, na daktari akakusifu una nidhamu. Namshukuru Mungu ilikuwa kikohozi tu. Lakini nadhani nilikufundisha vizuri mno.

Krismasi nilipokuja, siku ya pili, tulikuwa mezani. Ulikuwa unanisimulia habari za daktari wa wanyama unayemsaidia Jumamosi, kwamba fereti ni mgumu kumtibu kwa kuwa anaficha ugonjwa mpaka siku ya mwisho. Kijiko chako kikasimama. Wali ulikuwa unadondoka punje moja moja mezani. Nilihesabu mpaka tisa. Halafu ukaendelea, lakini uliendelea na habari nyingine. Nikakuuliza, "Unaota?" ukacheka, nami nikacheka. Nilikuwa nimeketi kando yako, na ndani yangu nilikuwa nimeshashika kitasa cha mlango.

Siku kumi zilizopita mama yako alinipigia. Alikukuta umekaa sakafuni bafuni, gauni limelowa, hujui ni saa ngapi. Ulimwambia umeteleza. Ulimwomba asiniambie, naye akaniambia, usimkasirikie. Tulijadiliana, mimi na yeye, watu wazima wawili. Yeye akasema tunyamaze, chuo wakisikia watakukatalia, na leseni ya gari watakunyang'anya. Nikamwambia ndiyo, tunyamaze. Nilikubali haraka. Unaona? Miaka yote hii Marekani, na sisi bado tuko kwenye lile benchi.

Jana asubuhi kabla ya kazi nikampigia nikamwuliza unakula nini siku hizi. Akasema uji tu, kwa sababu ulimi unakuuma pembeni.

Deo alikuwa akiamka na ulimi umekatika pembeni.

Nilikwenda kazini hivyo hivyo. Nikasimama kwenye mstari wangu wa maboksi, na kila boksi lililokuja nililiona ni ile gari nyekundu, na wewe usukani umekodoa macho, na malori mbele. Soksi akianguka anaanguka kwenye blanketi. Saa nne usiku nilimwendea msimamizi nikamwomba siku tano. Akasema hawezi, na nikiondoka nisirudi. Nikavua kadi ya mlangoni nikamwekea mezani. Hakuwa mtu mbaya, aliniuliza kuna nini nyumbani. Nilitaka kusema hakuna kitu, ndilo jibu langu la siku zote. Nikamwambia, "Binti yangu anaumwa na nimekuwa nikimwogopa." Sijui kama Kiingereza changu kilitoka sawa. Alinipa mkono.

Mimi si daktari. Labda siyo kifafa. Labda ni damu, labda ni sukari, labda umechoka na mitihani na kukesha na Soksi. Naomba Mungu niwe mjinga katika hili kama nilivyokuwa mjinga katika mengine. Lakini sitanyamaza, na wewe usinyamaze. Mama yako nimeshaongea naye leo, amelia, halafu amepiga simu kliniki, umepangiwa Jumatatu. Masomo yenu yanaanza wiki inayofuata, nafasi ipo. Huko kliniki sema yote, ya kijiko na ya bafuni na yale ambayo sisi hatukuyaona. Najua yapo. Na kama ni kifafa, dawa zake zipo, watu wanazimeza na wanasoma na wanazaa. Bi Loretta aliniambia kwa simu nduguye alikuwa nacho na aliendesha basi la shule, baada ya miaka mingi ya kutoanguka na daktari kumruhusu. Sijui kama ni kweli au alitaka tu nipumue.

Nimejifunza la kufanya. Nilimwuliza mfamasia hapa, akanionyesha kwa mikono, nami nikarudia mbele yake mpaka akaridhika. Mtu akianguka unamlaza ubavu. Unaondoa vitu vigumu karibu naye, unaweka kitu laini chini ya kichwa. Humtii kitu mdomoni. Unaangalia saa, na zikipita dakika tano unaita gari la wagonjwa. Na unakaa naye. Hilo la mwisho yeye alilitaja kama jambo dogo. Columbus utakuwa na msichana wa kulala naye chumba kimoja. Mwambie siku ya kwanza, kabla hamjagawana makabati. Wewe uliwaandikia jirani zako wote wa Buffalo karatasi ya mambo ya Soksi, wamfanye nini akianguka ukiwa hupo, mpaka na picha ukachora. Ya kwako hujaandika hata mstari mmoja.

Naogopa, Goreti. Nimekuwa nikiogopa tangu miaka kumi na tisa, na watu wakanidhania mtu mtulivu. Naogopa simu ikilia. Naogopa hata sasa kwamba utasoma hapa utaghadhibika, utachukua funguo utoke kabla ya kesho, kwa sababu una kichwa cha bibi yako. Ukitaka kunichukia kwa ajili ya Soksi na lile koleo, nichukie. Ya Deo nimeshajichukia mwenyewe, huna haja ya kunisaidia. Lakini nichukie ukiwa nyumbani, umekaa kwenye kochi, na funguo za gari mkononi mwa mama yako. Nimemwambia azishike mpaka nifike.

Begi langu ni lile lile nililokuja nalo, na nimeacha glovu. Basi linatoka Louisville leo saa moja jioni. Litapita Columbus, litasimama pale kama dakika arobaini. Nitashuka nisimame kwenye mji wako kidogo, nione ukoje, kisha nitapanda tena nije kukuchukua. Ukishaonana na daktari tutakwenda wote watatu, mimi na wewe na Soksi, na mama yako kama watampa ruhusa, tena kwa basi. Nitabeba kizimba mimi. Sirapu iwe mfukoni mwangu.

Msinipikie kitu. Nitafika Buffalo kesho Jumamosi, saa saba mchana, na kutoka stendi nitakuja kwa miguu kama hakuna wa kunipokea. Mlango uache wazi.

Baba yako